Kusoma Ngano za Kale

Ni desturi ya watu wengi, wakitajiwa ngano za kale, kudhani kwamba wametajiwa mambo ya watoto, ya kumlaza asiyetaka kulala na kumnyamazisha anayelia; na wale wachache wanaozipa heshima aghalabu huzipa kwa sababu moja tu, kwamba mwishoni mwa kila ngano huwa pana funzo, na funzo hilo likisha kuchukuliwa hadithi yenyewe yaweza kuachwa. Mimi ngano hizo nilizisikia utotoni, nikazisoma ujanani, nikazisomesha katika umri wa makamo, na sasa ni babu ninayewasomea wajukuu. Na kadiri miaka inavyopita ndivyo ninavyozidi kusadiki kwamba makundi yote mawili yanazipunja haki yake, na kwamba kundi la pili, lile lenye kuzisifu, ndilo linalozidhulumu zaidi.

Nilizaliwa Unguja, upande wa Ng'ambo, nikalelewa na bibi mzaa mama, ambaye alikuwa akisuka ukili tangu baada ya alasiri mpaka usiku, na mikono yake haikusimama wakati wa hadithi ila mahali pamoja nitakapopaeleza. Mchana hakutoa hadithi hata kwa kubembelezwa. Wazee wote wa mtaa walisema kwamba hadithi si za mchana, nasi hatukuthubutu kuuliza kwa nini. Lakini ikisha kuswaliwa isha, na utambi wa taa ukisha kupunguzwa ili mafuta yasiishe bure, alikuwa akisema "Paukwa," nasi tukaitika "Pakawa" kwa sauti moja, na asiyeitika alihesabiwa kuwa amekwisha kulala, akaondolewa mkekani apelekwe kitandani. Kwa hiyo tangu mwanzo nilifahamu kwamba hadithi ina sharti: msimulizi hawezi kuianza peke yake, wala msikilizaji hapewi kitu asipotoa sauti yake kwanza.

Hadithi aliyoipenda kupita zote ilikuwa ya maskini mmoja, jina lake Hamdani, aliyekuwa hana kazi ila kuchakura jaani akitafuta punje za mtama apate kushinda nazo. Siku moja katika kuchakura kwake akaokota thumuni, na kwa thumuni ile akanunua paa kwa mtu aliyekuwa akipita na tundu, na majirani wakamshangaa, kwamba mtu asiye na chakula cha nafsi yake anunua mnyama wa kumlisha. Sisi watoto thumuni tulikuwa tukiijua vema, maana watu wazima wa wakati ule waliita hivyo nusu shilingi, nayo hatukuipata ila sikukuu; basi tulipomwona maskini akiitoa mkononi, tuliona uzito wa jambo lile kuliko anavyoweza kuuona mtoto wa leo anayeisoma habari hiyo kitabuni.

Paa yule alikuwa akitoka asubuhi kwenda malishoni na kurudi jioni, hata siku moja akaona almasi inang'aa porini. Naye hakumpelekea bwana wake, kwani aliona bwana asiye na nguo hataweza kuiuza pasipo kuambiwa ameiba, bali aliichukua mpaka nchi ya mbali, akamtunukia Sultani wa huko, akasema kwamba ni hedaya ya bwana wake Sultani Darai, na kwamba bwana huyo anataka kumposa binti. Akarudi, akamchukua maskini wake, akamwosha mtoni, akamtangulia kwa Sultani na habari kwamba bwana wake amevamiwa na wezi njiani, wakamvua kila kitu. Sultani akapeleka farasi na mavazi ya kifalme. Harusi ikafanywa. Kisha paa akaenda kutafuta nyumba ya kuwaweka maarusi, akaikuta nyumba kubwa ya nyoka mwenye vichwa saba, akamwua nyoka kwa upanga, na nyumba na mali yote iliyokuwamo akampa bwana wake, yule wa jaani.

Ndipo paa akaugua. Bibi kizee aliyekuwa akimtumikia akapanda ghorofani kumwambia bwana kwamba paa hawezi, je, apikiwe nini; na bwana, ambaye sasa amekwisha kuzoea kuitwa Sultani Darai, akasema apikiwe uji wa mtama duni, kwani paa huyu si yule aliyemnunua kwa thumuni? Hapo mikono ya bibi yangu ilisimama. Aliuweka ukili pajani, akatutazama mmoja mmoja, na akanyamaza muda mrefu hata mdogo wetu akaanza kulia. Kisha akaendelea, na sauti ya bibi kizee wa hadithi na sauti yake mwenyewe sisi hatukuweza kuzitenga. Bibi kizee akashuka, akampa paa habari, paa hakusadiki. Akamwambia rudi, umwambie mimi naumwa sana. Akarudi, akajibiwa vilevile kwa ukali zaidi. Mke wa bwana akamsihi mumewe, akalia, asisikilizwe. Paa akafa, akatupwa kisimani. Baba wa mke alipopata habari akaja na watu wake, akamlilia paa kama aliavyo mtu, akamtoa kisimani, akamzika. Na usiku mmoja yule bwana akaota kwamba yuko jaani anachakura, akaamka, akajiona yuko jaani anachakura.

Miaka michache baadaye nikaikuta hadithi hiyohiyo shuleni, katika kitabu cha kusomea, imefupishwa mpaka imekuwa kurasa mbili. Bibi kizee hayumo. Kupanda na kushuka kwake hakumo. Mke hasemi neno. Paa anaugua na kufa katika sentensi moja. Na chini ya sentensi ya mwisho limechapwa swali: "Hadithi hii yatufunza nini?" Jawabu lilijulikana na darasa zima kabla hadithi haijasomwa, kwamba yatufunza tusiwe watovu wa shukrani, mwenye kuliandika akapata alama zake, na kitabu kikafungwa.

Sisemi kwamba jawabu lile ni uongo. Nasema kwamba ni dogo mno, na kwamba lawafundisha watoto kuharakia mwisho. Maana mtu akitulia na hadithi hii ataona kwamba haikubali kubanwa namna ile. Paa tunayempenda, ambaye mtoto humlilia kuliko anavyowalilia watu wengi wa vitabuni, ni mwongo tangu anapotoka porini: amemdanganya Sultani juu ya jina la bwana wake, amemdanganya juu ya wezi, na ndoa nzima imesimama juu ya uongo huo. Ikiwa ngano ni chombo cha kuwatia watoto adili, basi hapa pana adili gani? Mwalimu wa swali lile hana la kujibu, naye hulikwepa kwa kuifupisha hadithi. Bibi yangu hakulikwepa. Alitusimulia uongo wa paa kwa furaha dhahiri, tukacheka, na papo hapo tukajua kwamba mwerevu asiye na mali husema uongo kwa wenye mali ili mtu wake apate kula. Na kwamba jambo hilo ni zuri, na ni la hatari, na ni la kweli, yote kwa pamoja. Mtoto wa umri wa miaka saba aweza kuyabeba mambo matatu hayo bila ya kuyachagua. Ni sisi watu wazima tunaotaka achague.

Nilipokuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam nilikiona kwa mara ya kwanza, maktabani, kitabu cha Edward Steere kiitwacho Swahili Tales, kilichopigwa chapa London mwaka 1870, Kiswahili ukurasa mmoja na Kiingereza ukurasa unaouelekea. Steere alifika Unguja mwaka 1864 pamoja na Askofu Tozer wa misheni ya Kianglikana iitwayo UMCA, na mwaka 1874 akawa askofu mwenyewe. Na katika miaka ile ya kwanza, pamoja na kazi zake nyingine, alikuwa akikaa na watu wa mji, akiwasikiliza na kuandika. Humo nikamkuta Sultani Darai mzima, na bibi kizee anapanda na kushuka, na paa hasadiki, kama nilivyomsikia mkekani. Mahali pengi bibi yangu, ambaye hakujua kusoma herufi za Kizungu na ambaye kitabu kile hakukiona maisha yake yote, alikuwa amekwenda sambamba na maneno ya watu waliokufa kabla hajazaliwa. Nimesoma vitabu vingi tangu siku ile, na sikupata kustaajabu tena namna hiyo.

Lakini lililonishika zaidi ni mwaka wenyewe. Mwaka 1870 soko la watumwa la Unguja lilikuwa lingali wazi. Halikufungwa mpaka mwaka 1873, na kanisa lililojengwa na Steere huko Mkunazini limesimama palipokuwa soko hilo. Basi watu waliomsimulia Steere hadithi ya kiumbe aliyenunuliwa kwa thumuni, akamtajirisha aliyemnunua, akamwita bwana mpaka mwisho, akaugua, akakumbushwa bei yake, akatupwa kisimani, waliisimulia katika mji ambamo watu walikuwa wakiuzwa, na pengine wengine katika wasikilizaji walikuwa wameuzwa wao wenyewe. Siwezi kudai kwamba msimulizi wa kwanza aliikusudia hivyo, maana hakuna amjuaye. Hata hivyo tangu nilipouona mwaka ule, kila nikifika mahali pa uji wa mtama nasikia ndani ya neno thumuni jambo ambalo swali la kitabu cha shule lisingenipeleka kulisikia kamwe. "Tusiwe watovu wa shukrani" ni nasaha apewayo mtu aliyefanyiwa hisani na rafiki. Paa hakuwa rafiki, alikuwa mali. Na hadithi yamhukumu bwana kwa kumrudisha jaani, si kwa sababu ya kukosa adabu ya kushukuru, bali kwa sababu aliyeokolewa na mwingine alimhesabu mwokozi wake kwa bei aliyomnunulia. Bibi alikuwa akinyamaza hapo hapo. Hakusema sababu, nami enzi hizo nilikuwa mdogo wa kumwuliza.

Ipo nyingine katika kitabu hicho niliyoisomesha mara nyingi, ile ya Sultani Majinuni na paka wake. Paka yule alikula ndama, na watu wakaenda kumshitakia Sultani. Naye akawajibu kwamba paka ni wake na ndama ni wake. Akala mbuzi, jawabu likawa lilelile. Akazidi kukua na kula wakubwa zaidi, mwisho akala mtoto wa mtu, akala mtu mzima, akatoka mjini akawa nunda, mla watu. Na Sultani hakumwona kuwa nunda mpaka alipoliwa wanawe mwenyewe. Nilipokuwa mwalimu katika shule ya bweni huko bara, hadithi hii niliwasomea wanafunzi jioni, si katika kipindi, na nilikatazana nao tangu awali kwamba hatutaulizana inafunza nini. Nilisoma polepole, na kila Sultani alipojibu niliwaacha wao watamke jawabu. Mara ya kwanza walilitamka wakicheka. Alipofika paka kwa mtoto wa mtu walikuwa wanalitamka kwa sauti ndogo, na mmoja wao, kijana mkimya ambaye darasani hakuinua mkono, akasema mbele ya wote, "Mwalimu, huyu Sultani hawezi kujibu hivyo tena." Nikamwonyesha kitabu, kwamba kajibu. Nadhani usiku ule kijana yule alijifunza juu ya utawala kitu ambacho somo la uraia halikumpa, naye hakuandika alama hata moja.

Sehemu ya pili ya hadithi hiyo, mwana mdogo anapotoka kwenda kumsaka nunda, ndiyo iliyonifunza thamani ya kurudiarudia, jambo ambalo wenye kuhariri vitabu vya watoto hulifuta wakidhani ni upungufu. Kijana anaua mnyama, anamkokota mpaka nyumbani, mama yake anamwimbia kwamba huyu siye. Anakwenda tena, anarudi na mnyama mkubwa zaidi, pundamilia, twiga, kifaru, ndovu, na kila mara wimbo, na kila mara siye. Katika ukurasa uliofupishwa jambo hilo lasomwa kwa nukta chache na halina maana. Lakini akiimba msomaji, na wasikilizaji wakamwitikia, basi ule uchovu wa kijana, na ile hofu ya mama ambaye kwa kila mnyama anadhani mwanawe amekwisha kurudi salama na hatatoka tena, vyaingia mwilini mwa mtu. Wimbo ndio unaopima umbali wa safari. Nimewahi kuona kitabu kilichoandika mahali pa wimbo maneno "hapa mama anaimba," bila wimbo wenyewe. Sijui aliyekifanya hivyo alitaka msomaji afanye nini.

Kule bara nilijifunza na jambo jingine. Nilikuwa nikiwasomea kisa cha kima na papa, marafiki wawili waliokutana kwenye mkuyu uliotandaza matawi yake nusu pwani na nusu baharini, kima akimtupia papa matunda, hata papa akamwalika kwao, na katikati ya bahari akamfunulia kwamba Sultani wao ni mgonjwa na dawa yake ni moyo wa kima. Naye kima akasema kwamba kwao hawatembei na mioyo, huiacha mitini, basi warudi akautwae. Kabla sijamaliza, mwanafunzi wa kutoka upande wa ziwani akasema kwamba kwao mwenye kumbeba ni mamba. Mwingine akasema hapana, ni kobe. Wakabishana kwa ari kubwa, kila mmoja akinitaka nishuhudie kwamba ya kwao ndiyo ya asili.

Na hakika hadithi hiyo imetoka mbali. Imo katika kitabu cha Kihindi cha Panchatantra, ambamo pia yumo kiumbe wa majini anayetaka moyo wa nyani, na imo katika Kalila wa Dimna, kilichotiwa katika Kiarabu na Ibn al-Muqaffa katika karne ya 8. Kwa hiyo imewafikia watu wa pwani yetu kwa mdomo au kwa jahazi, kama zilivyofika hekaya za Abunuwasi, ambaye alikuwa mshairi wa kweli huko Baghdad kabla ya kuwa mjanja wa mabaraza yetu. Wako wanaosikia haya wakahuzunika, wakaona kwamba tumeazima, na kwamba ngano ya Kiafrika ya kweli ni lazima iwe imeota hapa tangu azali. Mimi sioni hivyo. Kisa cha kima na papa, kama kilivyosimuliwa Unguja, kina ndani yake kisa cha pili, cha punda wa dobi, ambacho kima anamsimulia papa ili kumweleza kwa nini hatarudi naye tena. Na dobi yule, na punda yule mchovu wa mizigo ya nguo, ni watu wa mitaa yetu, na mkuyu ni wetu, na papa ni wa bahari tunayoogelea. Hadithi ni ya wale waliokaa nayo muda wa kutosha mpaka wakaipa miti yao na samaki wao. Sungura wetu naye alivuka bahari nyingine pamoja na waliochukuliwa utumwani, akaota upya Marekani. Nani atamwambia mtoto wa kule kwamba si wake?

Sasa nawasomea wajukuu, na wao wana picha za kutazama kwenye simu zilizo na rangi na sauti nyingi kuliko nilizonazo mimi. Sijapata taabu ya kuwavuta kama nilivyotishwa kwamba nitapata. Wanachotaka ni kwamba nisiwaharakishe, nisiruke wimbo, na nikiwaambia "Paukwa" niwangoje waitike. Mjukuu mdogo wa kike aliniuliza juzijuzi kama yule bwana, alipojiona jaani, alikumbuka jina la paa. Nikamjibu kwamba hadithi haikusema. Akafikiri, akasema kwamba paa hakuwa na jina. Nilikuwa nimeisikia na kuisoma hadithi ile kwa zaidi ya miaka sitini, na hilo sikuliona.

Kwa hiyo nina ombi kwa wanaotunga na kuchapa vitabu vya kusomea vya watoto wetu, na kwa walimu wanaovishika. Zichapeni ngano zima, pamoja na kupanda na kushuka kwa bibi kizee, pamoja na nyimbo, pamoja na uongo wa paa. Zisomwe kwa sauti, na watoto waitike. Na lile swali lililo chini ya ukurasa lifutwe, mahali pake paachwe peupe, na mtoto akitaka kuuliza, aulize yeye.